Kustahiki si Kuchaguliwa

Kila matokeo ya kidato cha sita yatangazwapo, huzuka katika nyumba nyingi furaha isiyopimwa. Kijana amepata D ya Fizikia na D ya Hisabati ya Juu. Mzazi ameambiwa kwamba hizo ni pointi nne, na kwamba nne ndiyo sifa ya chini iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Basi majirani wameshaanza kumwita mtoto "mhandisi". Ndugu wasomaji, yafaa tuseme wazi jambo ambalo walimu wengi huona haya kulitamka mbele ya mzazi mwenye furaha: kustahiki kuomba ni jambo moja, na kuchaguliwa ni jambo lingine kabisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na masomo mawili yanayohitajika hujumlishwa. Mwenye D mbili ana 4, ameruhusiwa kubisha hodi. Lakini mlangoni amesimama pia mwenye A na B, naye ana 9, na chuo chenye nafasi chache huanza na huyo. Mzazi asiyelijua hili humlaumu mtoto, au hudhani pamefanyika hila, kumbe hesabu ndiyo iliyoamua.

Aghalabu vijana wetu hukimbilia uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, mahali wanapofundishwa wahandisi tangu 1973; wakikosa hapo husema mlango wa elimu umefungwa. Hatuidharau Mlimani hata kidogo. Lakini je, kazi ya mhandisi ni barabara na maghorofa tu? Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha uhandisi wa kilimo na wa umwagiliaji. Chuo Kikuu Ardhi hufundisha uhandisi wa mazingira. Hapo hapo Mlimani pana uhandisi wa nguo, ambao sijapata kumsikia mzazi akiutamani kwa mwanawe, ilhali nchi yetu hulima pamba na kuvaa mitumba.

Lililo baya zaidi ni dharau tuliyo nayo kwa stashahada. Mtoto akishauriwa aende Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni 1957, au Chuo cha Ufundi Arusha, wazazi hununa kana kwamba ameshushwa daraja. Hebu tutazame kwa makini. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu vema Hisabati na Fizikia husoma hapo miaka mitatu, na akihitimu kwa wastani wa 3.0 au zaidi aweza kuomba shahada ile ile ya uhandisi. Wakati huo mikono yake imeshazoea mashine ya kukereza vyuma, ameshafunga nyaya na kupima udongo. Mwenzake wa PCM, tena aliyefaulu sana, pengine hajawahi kushika bisibisi. Na kama fedha zikikatika njiani, yule wa stashahada tayari ni fundi sanifu, aweza kujitafutia riziki ya halali. Hata aliyekosa nafasi baada ya kidato cha sita aweza kuomba stashahada. Mbona basi akae nyumbani mwaka mzima akisubiri muujiza?

Akishaingia chuoni, shahada ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ndio uwaangushao wengi. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwake hukutana na wa kwanza wenzake kutoka kila mkoa. Akijifungia peke yake na hisabati zake, hulijua upesi neno "sapu", na baada ya hilo lile zito zaidi, "kudisko". Wanaosalimika ni wale wanaokaa pamoja jioni na kufanya maswali kwa vikundi. Fedha za kujikimu, ambazo wao huziita "bumu", huja kwa mafungu, na mwenye kuzila katika majuma mawili atashinda na njaa kwenye karakana. Wapo waliokataa mkopo wa Bodi kwa kuchelea riba, kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Rais alitangaza kuifuta mwaka 2021, hivyo asitokee mtu akaacha masomo kwa hoja hiyo. Baada ya shahada bado ipo miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Majirani wale walikuwa wamewahi mno.

Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, na aweza kuomba vyuo kadhaa. Aliyechaguliwa na zaidi ya kimoja sharti athibitishe kimoja kwa namba ya siri atumiwayo, tena ndani ya muda uliowekwa. Asipofanya hivyo aweza kuipoteza nafasi aliyoihangaikia miaka sita ya sekondari. Kwa hiyo simu iandikwayo kwenye maombi iwe ya mtu anayesoma ujumbe wake, si laini ya muuza duka iliyoazimwa kwa siku moja.