Petroli Si Dawa ya Gundi ya Panya: Acheni Kuiingiza Sebuleni



Mahindi yakishavunwa na magunia yakishaingia ndani, panya nao huhamia. Wengi wetu tunatega kwa gundi ya panya. Kinachofuata mnakijua: panya anaburuza kibao usiku, au mtoto anakikanyaga, na asubuhi gundi imetapakaa kwenye zulia. Hapo ndipo jirani anapotoa ushauri: "Tia petroli kidogo, inatoka yote."

Ushauri huo ni mbaya, na anayeutoa aambiwe wazi kuwa ni mbaya.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo hakuna asubuhi ya baridi huku kwetu inayoifanya iwe salama. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatokea dirishani. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unafika jikoni kwenye mafiga au kwenye kibatari. Huhitaji kuwasha kiberiti pale ulipopiga magoti. Moto ulio chumba cha pili unatosha kuufuata mvuke mpaka kwenye zulia lako.

Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, petroli ikashika moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wale walikuwa nje, kwenye uwazi. Wewe unaimwaga ndani ya chumba chenye dirisha moja, watoto wamelala chumba cha pili.

Watetezi wa petroli wana hoja tatu. Tuzijibu.

Ya kwanza: "Tumetumia miaka yote na hatujaungua." Hata anayevuka barabara bila kutazama hufika ng'ambo mara nyingi. Hiyo ni bahati, na bahati haifundishwi watoto.

Ya pili: "Inakauka haraka, haiachi kitu." Haijaisha, imehamia hewani, na wewe unaivuta. Ndani ya petroli kuna benzini, kemikali inayothibitishwa kusababisha saratani. Zaidi ya hapo, mazulia mengi ya dukani yameshikizwa kwa gundi upande wa chini. Petroli haichagui gundi. Itaondoa ya panya na kulegeza ya zulia, kisha manyoya yaanze kung'oka.

Ya tatu: "Mafuta ya kula ni ghali." Doa la ukubwa wa kiganja halimalizi vijiko vitatu au vinne. Linganisha na bei ya zulia, usilinganishe na bei ya nyumba.

Gundi ya panya haiogopi maji, ndiyo maana kusugua kwa maji peke yake ni kujichosha. Inachokiogopa ni mafuta. Mafuta hupenya ndani yake, yakailainisha ikaachia. Kisha sabuni huyatoa mafuta. Fanya hivi:

1. Pata barafu kwa mwenye friji. Itie kwenye mfuko wa plastiki, iweke juu ya gundi dakika 15 hadi 20. Gundi ikigandamana, ikwangue kwa kijiko au kisu butu. Usivute manyoya. Ukikosa barafu, kwangua tu kinachotoka na uendelee.

2. Jaribu mafuta ya alizeti au mafuta mengine ya kula kwenye pembe isiyoonekana. Rangi isipotoka, loweka kitambaa kwa mafuta kidogo, bonyeza juu ya gundi, acha dakika 10 hadi 15.

3. Futa kutoka pembeni kwenda katikati ili doa lisitanuke. Badilisha upande wa kitambaa kila kinaposhika gundi. Rudia mpaka ukigusa isinate.

4. Nyunyiza unga wa mahindi unyonye mafuta. Subiri nusu saa, ufagie. Unga huo utupe, usiwape kuku.

5. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Suuza, kamua kwa taulo kavu, kisha anika. Maji yanayochemka na pasi ya moto viweke mbali. Mazulia mengi ni ya nyuzi za plastiki, yatajikunja.

Gundi ikimshika mtoto mkononi, au kifaranga akinasa, ni mafuta ya kula hayo hayo na sabuni. Kamwe si petroli.

Na mafuta ya taa? Hayashiki moto upesi kama petroli, lakini bado yanawaka, yananuka wiki nzima, na mtoto akiyanywa yanaweza kuingia mapafuni yakamuua. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, msimtapishe. Mkimbizeni kituo cha afya.

Sasa nanyi wenye maduka. Kupima petroli kwenye chupa ya soda na kumkabidhi mama kama dawa ya gundi si kumsaidia mteja. Chupa ya soda mtoto anaijua ni ya kunywa. Anayenunua gundi ya panya, mwambie aiweke ndani ya boksi lenye tundu, kibao kimefungwa kamba, kando ya ukuta, mbali na zulia na vifaranga. Mwambie na habari ya mafuta ya kula. Utauza mafuta, utauza sabuni, na mteja atarudi mwezi ujao akiwa mzima.

Petroli ibaki kwenye tangi la pikipiki. Huko ndiko kazi yake iliko.