Akiba ya Darini

Mwaka 1975 kampuni ya Marekani ya Zenith Radio Corporation, iliyokuwa ikimiliki kiwanda cha saa cha Zenith mjini Le Locle, Uswisi, iliamuru utengenezaji wa saa za kimakanika ukome. Saa za betri zenye fuwele ya kwatsi zilikuwa zinateka soko. Mitambo ya kutengenezea kronografu ya El Primero ilitakiwa iuzwe kama chuma chakavu.

Tuangalie kilichokuwa kinatupwa. Kronografu ni saa yenye kazi mbili katika kasha moja: kuonyesha wakati, na kupima muda wa tukio kwa kubonyeza kitufe. Ndani ya El Primero, gurudumu dogo lenye nguzo wima huziongoza nyenzo. Wenzo ukiinuliwa na nguzo au ukishuka kati ya nguzo mbili, kipimo huanza au husimama. Gurudumu la mizani hupiga mara 36,000 kwa saa, yaani mara 10 kwa sekunde; ndiyo maana saa hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1969, hupima hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Vipande vya namna hiyo huhitaji kalibu na vikataji vyake maalumu. Mchoro peke yake hauzai saa.

Fundi Charles Vermot aliwasihi wakubwa wahifadhi vifaa hivyo. Hakusikilizwa. Kwa siri akavipandisha darini, akavitia alama na kuandika daftarini hatua za kazi. Mwaka 1984 utengenezaji ulirejea kwa akiba hiyo. Mwaka 1988 Rolex ikaanza kuutumia mtambo huo, baada ya kuurekebisha, katika saa yake ya Daytona.

Wengi huisimulia habari hii kama sifa ya shujaa. Mimi naisoma kama shtaka dhidi ya taasisi. Wakubwa wale hawakuwa wajinga. Hesabu za soko zilikuwa upande wao. Kosa lao lilikuwa kuunganisha maamuzi mawili yasiyofanana. Kusitisha kazi ni uamuzi unaoweza kutenguliwa kesho. Kuharibu zana na maarifa hakutenguliki, na hakupaswi kuamuliwa na mtu asiyejua zana hizo hufanya nini.

Katika ofisi za umma tunalitenda kosa hilohilo. Mfumo mpya ukiingia, majalada ya masijala huonekana takataka; mtumishi mzoefu akistaafu, huagwa kwa keki na hotuba, bila yeyote kuandika anachokijua. Napendekeza kanuni mbili: kisiharibiwe chochote kabla ya anayekitumia kutoa maoni kwa maandishi, na asiondoke mtu kabla ya kukabidhi ujuzi wake.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini taasisi ambayo akiba yake huokolewa na mtumishi anayekaidi amri imesalimika kwa bahati. Si kila karakana ina Vermot, wala si kila jengo lina dari.