Kabla Hujapaka Gluu, Tikisa Pezi Kwanza

Leo naanza na kuomba radhi. Ile video yangu ya kurekebisha pezi la ubao wa mawimbi kwa supaglu nimeifuta. Najua wengi wenu mliipenda, na wallahi sijawahi kuposti kitu kikatazamwa vile. Lakini ilikuwa uongo. Sikukusudia kudanganya, ila nilifundisha kitu ambacho mwenyewe sikukielewa.

Nieleze. Mimi ni wa Kililana. Hapa kwetu ni mikoko na maji ya ghuba yaliyotulia, hakuna mawimbi ya kupanda. Nikitaka mawimbi nachukua boda mpaka Mokowe, boti mpaka Amu, halafu naelekea Shela na ubao begani. Safari yote hiyo, ukifika ukakuta pezi linacheza kama jino bovu, huna subira. Nikatia gluu, nikarekodi, nikaposti. Siku mbili pezi likakaa imara kabisa. Nikajiona fundi.

Siku ya tatu nikagusa mchanga kwenye maji mafupi. Pezi halikuvunjika. Liling'oa tundu lake zima pamoja na kipande cha faiba, maji yakaingia ndani ya ubao. Hata hapo nikanyamaza, video nikaiacha iendelee kuvuna laiki.

Kilichoniamsha ni rafiki yangu. Ubao wake ni mrefu, una pezi moja tu la katikati. Alifanya kama nilivyoonyesha, akaingia Shela wakati wa bamvua, maji yakitoka. Pezi likadondoka. Ubao usio na pezi haushiki njia, unazunguka tu. Alipiga kasia kwa mikono mpaka mabega yakafa, mkondo unamvuta nje. Mabaharia wa mashua moja ndio waliomwokota. Mzima, alhamdulillahi. Lakini aliponiambia, "Si wewe ulisema itashika?" nilikosa jibu.

Nikaubeba ubao wangu kwa fundi mmoja wa mashua. Hajawahi kupanda wimbi maishani mwake. Nikamsabahi, nikamwambia, "Ami, pezi limelegea." Hakuuliza gluu gani. Alilishika pezi akalitikisa taratibu, akauliza, "Mwanangu, kinachocheza ni nini? Usukani ukilegea kwenye chombo, hatupigi msumari mpaka tujue ni usukani wenyewe umelegea, au ni mbao inayoushika."

Swali hilo moja lilitosha kuua video yangu yote. Kwa hiyo sasa nawapa ninachokijua kweli, baada ya kujaribu.

Tikisa pezi huku unaangalia shina lake. Kama pezi linacheza lakini tundu limetulia, ugonjwa uko kwenye skrubu au pezi halienei. Hapo ni rahisi. Mbao nyingi zenye mapezi matatu, kila pezi lina miguu miwili na kila mguu una skrubu yake ndogo. Nyingine zina mguu mmoja mrefu wenye skrubu moja kwa mbele. Osha chumvi na mchanga kwa maji baridi ya bomba, kausha, kisha kaza kwa ule ufunguo wa pembe sita. Saizi yake mara nyingi ni inchi 3/32, karibu milimita 2.4. Usiazime wa milimita 2 kwa fundi wa baiskeli: unaingia, lakini unacheza ndani na kula pembe za skrubu. Kaza mpaka ishike, usikaze kwa hasira. Skrubu iliyoliwa na kutu badilisha, tafuta ya chuma kisichoshika kutu. Kama skrubu nzima na pezi bado linacheza, zungushia mguu wake tepu nyembamba, lienee.

Kama ni pezi moja refu kama la rafiki yangu, angalia skrubu na kile kibati kidogo cha mraba kilicho ndani ya mfereji. Kibati kikiwa hakipo, hata ukaze mpaka kesho.

Sasa, kama tundu lenyewe linasogea pamoja na pezi, au unaona ufa mwembamba kulizunguka, simama hapo. Usiingie majini. Ubao umeumia ndani. Ukaushe kivulini siku kadhaa mpaka usitoe tone, kisha tundu lisimamishwe upya kwa resini na kitambaa cha faiba. Na hapa sikiliza vizuri: kuna mbao za povu jeupe la vipunje, kama lile la maboksi ya samaki. Resini ya kawaida ya kutengenezea boti inaliyeyusha povu hilo, na supaglu pia inalila. Hizo zinataka epoksi. Hujui ubao wako ni wa aina gani? Uliza kabla hujafungua mkebe.

Maoni yangu basi ni haya. Sisi wenye simu tumezoea kuposti dawa kabla ya kupima. Sekunde 40, muziki juu, "tatizo kwisha". Mtazamaji haoni siku ya tatu, kwa sababu siku ya tatu hatuirekodi. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa. Lakini ziba ukishajua ufa umetokea wapi, la sivyo unaupaka rangi tu.

Jambo la pili. Kutoka huku kwetu tunaziona winchi za bandari, gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na kila kijana anasubiri aitwe akafundishwe ufundi. Sisemi tusisubiri. Nasema mafundi tunao tayari, wamekaa chini ya vivuli pwani, wanajua maji yanavyovunja vitu kuliko video yoyote. Mimi nilipita mbele yao miaka nikiangalia simu.

Najua mtu atasema, "Bro, ni pezi tu." Hata mimi nilisema hivo, mpaka rafiki yangu akawa nukta nyeusi inayoelekea bahari kuu.

Kuanzia sasa, chochote nitakachowafundisha kutengeneza, nitakaa nacho majini wiki mbili ndipo niposti. Kikiharibika, nitaposti kilivyoharibika. Kama mlishatia gluu kwa sababu yangu, msiingie nayo kesho. Tikiseni kwanza.