Tuzipe Kampuni Zetu Majina Yanayotamkika

Ndugu msomaji unayejiandaa kusajili kampuni, pamoja nawe uliyezoea kufanya kazi kwa jina la biashara na sasa mteja mkubwa amekwambia hapokei ankara isipokuwa ya kampuni: naomba dakika zako chache kabla hujajaza sehemu ya jina. Ni mstari mmoja tu, na wengi huujaza wakiwa wamesimama kaunta ya steshenari, kijana wa kompyuta akiwauliza, "Tuandike nani?" Hapo ndipo zinapozaliwa zile "Global", "International" na "General Supplies", biashara ya fremu moja Tandika ikabebeshwa jina la kuzunguka dunia.

Sina ugomvi na ndoto kubwa. Ugomvi wangu ni na jina lisilomwambia mtu chochote. Pita barabara yoyote ya mji wetu usome mabango: herufi za mwanzo za majina ya watoto watatu zimeunganishwa, mbele yake "Investment Company Limited". Mapenzi ya mzazi nayaelewa. Lakini mpita njia hajui kama hapo ndani wanajenga nyumba, wanauza dawa za mifugo au wanakodisha viti vya harusi. Kesho akitaka kukupigia chapuo kwa jirani yake atasema, "wale jamaa wa pale karibu na sheli." Jina umelilipia, na bado unaitwa sheli.

Kampuni ikishasajiliwa huwa mtu mbele ya sheria. Inamiliki kiwanja, inakopa, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe. Msingi huo ulithibitishwa mwaka 1897 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, katika shauri la Salomon, mtengeneza viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni, na sheria zetu zimerithi mkondo huohuo. Lile neno "Limited" nalo si pambo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 ililazimisha liwe neno la mwisho katika jina, ili kila anayekopesha ajue mapema kwamba wanahisa hawatafuatwa majumbani kwa deni la kampuni, zaidi ya kile ambacho bado hawajalipia kwenye hisa zao. Kwa hiyo tangu mwanzo jina la kampuni limekuwa tangazo kwa umma, na ndiyo maana sheria hutaka lionekane nje ya ofisi na kwenye barua. Wewe unalichagua, ila watakaolitumia ni watu wengine.

Mtazame mmoja wa hao watu. Yuko duka la vifaa vya ujenzi, bei ya mabati wamekubaliana, anatoa simu alipe kwa lipa namba. Anaingiza namba, anaingiza kiasi, na kabla hajaweka namba ya siri simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Bango la nje lina jina moja. Simu inaonyesha jingine kabisa, herufi tatu na neno "Holdings". Anasita. "Kaka, hii ndiyo yenyewe?" Muuzaji anajibu, "Ndiyo dada, hilo ni la kampuni tu." Wapo wanaolipa. Wapo pia waliokwisha kutapeliwa kwa simu, ambao hurudisha simu kwenye pochi na kusema watarudi na taslimu. Baadhi yao hawarudi.

Si kwamba sheria inakataza kuwa na majina mawili. Saruji ya Wazo Hill inatengenezwa na kampuni iliyosajiliwa kama Tanzania Portland Cement, lakini dukani mtu husema "nipe Twiga mifuko kumi", na aliyezoea ya Tanga husema Simba. Wale wamewekeza miaka na fedha nyingi kumkaza twiga vichwani mwetu. Wewe mwenye mtaji wa kuchapisha kadi na kupaka gari rangi, baki na jina moja: kwenye bango, kwenye risiti ya EFD, kwenye akaunti ya benki, kwenye simu ya mteja.

Sasa ombi langu kubwa. Anzeni kutafuta jina ndani ya Kiswahili. Hofu ninayoisikia mara nyingi ni kwamba jina la Kiswahili litaifungia kampuni nyumbani, na kila nikiisikia huwa naiona M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007, na leo inatumika Msumbiji, Lesotho na Ethiopia, "pesa" ikiwa palepale. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya katika ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na hakuna aliyesubiri ibatizwe jina jingine. Hapa Dar es Salaam kuna kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968. Wako vijana wanaoshuka kituo cha Urafiki kila siku bila kuwahi kugusa kitambaa chake. Jina limekuwa mtaa. Na tukipewa jina lisilokaa mdomoni, tunalitupa. Mabasi yaendayo haraka yalikuja na vifupisho vyake rasmi. Abiria wakasema mwendokasi, likawa hilo.

Kiswahili hakimalizikii kwa Kilimanjaro, Serengeti, Simba, Baraka na Tumaini. Majina hayo yamejaa kiasi kwamba msajili anaweza kukukatalia kwa kufanana, na hata akikubali utapotea katikati ya umati. Ingia kwenye kazi yenyewe. Seremala ana randa. Mshonaji ana pindo. Mvuvi ana dema, na ana pepo zake, kusi na kaskazi. Mkulima ana vuli. Kampuni ya ushonaji inayoitwa Pindo, mtu akiisikia mara moja tu ameshaielewa, na akiambiwa aiandike hakosei. Lugha za makabila yetu nazo zina hazina yake, mradi jina litamkike na asiyetoka huko. Ukilipata, mpigie shangazi yako aliye kijijini wakati mtandao unakatikakatika, mtajie jina mara moja, mwombe aliandike na akutumie picha. Akilikosea shangazi, karani wa benki atalikosea pia.

Angalia tu usijibane mno na bidhaa ya leo. Nakumatt ya Kenya ilitokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro, na ilipofika kuuza kila kitu ikabidi jina lifinywe ndipo lienee.

Kuna pia suala la uungwana. Kuchukua jina la mwenzako ukalichomekea herufi moja ili wateja wake wapotee njia waingie kwako ni utapeli, hata kama mfumo umeupitisha. Neno "benki" nalo si la kuokota. Linahitaji leseni ya Benki Kuu, na wananchi wameumizwa vya kutosha na wakusanya akiba wenye majina mazito.

Kwa Tanzania Bara, utafutaji wa jina na usajili wote hufanyika kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Tafuteni pia maneno yanayosikika sawa na jina lenu. Zanzibar ina daftari lake, chini ya BPRA, kwa hiyo jina lililo wazi bara laweza kuwa na mwenyewe Unguja. Na wengi wanadhani cheti cha kampuni kinalinda jina la bidhaa. Hakitoshi: alama ya biashara husajiliwa peke yake, BRELA hapohapo, hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Kubadili jina baadaye kunaruhusiwa, kwa azimio maalumu la wanahisa na cheti kipya, halafu unaanza safari ya benki, TRA, leseni, mikataba na muhuri. Aliyewahi kuipita hiyo safari hakushauri uianze.

Basi ninyi mnaokutana jioni kugawana hisa, ingieni na majina matatu, kwa sababu la kwanza laweza kukataliwa. Yaandikeni mfumoni usiku huuhuu muone yapi yana wenyewe, na fundi wa mabango mwambieni asubiri hadi cheti kitoke.