Baiskeli Ziko Hapa Kamere

Mdogo wangu ameandika hadithi ya kisayansi. Watoto wanne, baiskeli nne, kiumbe kimejificha msituni na serikali inakisaka. Tamu kweli. Shida ni kwamba huko nje kuna theluji na shujaa anaitwa Tommy. Huyu mtoi amezaliwa Kamere! Akitoka nje asubuhi anaona mvuke wa Olkaria ukipanda nyuma ya vilima.

Simlaumu yeye. Wa kulaumiwa ni sisi wakubwa, tunaoshinda tukisifia utoto wa watu wengine kana kwamba ulikuwa wetu.

Spielberg alipotoa E.T. mwaka 1982 hakuwa analilia zamani. Alichukua mtaa wa kawaida wa Marekani wa siku zile, mtoto ambaye baba yake ameondoka nyumbani, akamfichia mgeni wa angani kwa kabati. Kulilia zamani kulikuja baadaye. Super 8 ya 2011 ikarudi 1979. Stranger Things ya 2016 ikarudi 1983, na wale mapacha walioitunga walizaliwa 1984. Yaani hata wao wanakumbuka wakati ambao hawakuwepo. Sisi sasa tunakumbuka kumbukumbu yao. Hiyo ni mitumba ya mitumba.

Na wakati huo huku? Mwaka 1981, kabla baiskeli ya Elliott haijaruka mbele ya mwezi, mvuke wa ardhini ulikuwa tayari unazungusha mtambo wa umeme Olkaria. Leo mabomba yanakata porini, yameinuliwa mahali mahali ili wanyama wapite chini. Usiku viboko wanatoka ziwani kula nyasi. Theluji ya nini?

Hollywood wenyewe waliona. Filamu ya Lara Croft ya 2003 ilipigwa sehemu yake Hell's Gate. Wakaja, wakachukua miamba, wakaenda zao.

Kinachoniuma zaidi ni baiskeli. Ile alama kuu ya filamu hizi tunayo tele, zimepangwa kando ya barabara zikingoja watalii. Kijana wa hapa anaijua kwa kuziba pancha na kujaza upepo. Anayeipanda kwenda kutafuta maajabu ni mgeni wa wikendi.

Utaniambia filamu ni pesa. Sawa. Lakini Wanuri Kahiu alitupa Pumzi mwaka 2009, dakika kama ishirini tu, na maji yakiadimika huko mbele inakueleza kila kitu. Likarion Wainaina akaleta Supa Modo mwaka 2018: msichana mgonjwa, na kijiji kizima kinamtengenezea filamu ya ushujaa wake. Ndiyo, kulikuwa na pesa za Wajerumani. Theluji hawakuleta.

Nilimwambia mdogo wangu aanze upya, amtoe Tommy, kiumbe kitokee kwenye mvuke.

"Lakini bro, huku kuna nini?"

Stima ilikuwa imepotea tangu saa moja. Tulikuwa tunaongea kwa mwanga wa simu.