Kamera Haioni Unene wa Barafu

Mama mwenzangu,

Mwezi huu tunazungumza na akina mama wanaolea watoto kule kwenye baridi kali, hasa katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako familia nyingi kutoka Kenya, Kongo na kwingineko katika Afrika Mashariki zimefanya makao. Nawe uliye huku nyumbani usifunge gazeti. Huenda una dada au mwana huko, na siku moja utaletewa picha ya wajukuu wameketi juu ya ziwa lililoganda, wamekaza macho kwenye kioo kidogo kama cha televisheni. Yafaa ujue wanatazama nini, na ujue la kuwauliza.

Wanatazama samaki. Baba ametoboa barafu kwa keke kubwa, akateremsha mshipi katika tundu moja, na katika tundu la pili akateremsha kamera isiyoingia maji. Waya mrefu unaleta picha juu, na watoto wanaona kila kitu kinachotokea chini. Kamera za namna hii zilianza kuuzwa kwa wavuvi wa kawaida mwishoni mwa miaka ya 1990, na mojawapo ya zile za mwanzo, Aqua-Vu, ilitoka huko huko Minnesota.

Kwa nini samaki hawagandi?

Swali hili mtoto atakuuliza, basi uwe na jibu. Maji huwa mazito kuliko wakati wote yanapofikia nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, hupanda juu, na huko juu ndiko yanakoganda. Barafu huelea, ikawa kama blanketi. Chini kabisa maji hubaki karibu na nyuzi 4, nao samaki huishi humo majira yote ya baridi.

Lakini mwili wa samaki hufuata joto la maji. Katika baridi hiyo hutembea polepole na hula kidogo. Hapo ndipo kamera inapofaa. Samaki apendwaye kuliko wote huko Minnesota, ambaye tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo, ni wolai, mwenye macho makubwa yanayong'aa gizani. Huyu mara nyingi huja mpaka karibu na chambo, akakitazama, akaondoka. Au hukivuta kinywani taratibu na kukitema, na mkono wa mvuvi usisikie lolote. Asiye na kamera husema, "Hapa hapana samaki." Mwenye kamera anaona kwamba samaki wapo, ila chambo kinachezeshwa kwa fujo mno. Hapo hutuliza mkono, au hubadili chambo akaweka kidogo zaidi.

Namna ya kuitumia

Matundu mawili yawe mbalimbali kiasi cha hatua moja au mbili. Teremsha kamera hadi uone sakafu ya ziwa, kisha ipandishe kidogo na kuigeuza hadi chambo kionekane katikati ya kioo. Samaki akinasa, mtu mmoja auvute waya wa kamera pembeni au autoe kabisa, maana samaki akizunguka, mshipi na waya vitasokotana na mtamkosa samaki. Kazi hii ni nzuri kwa mtoto: mmoja atazame kioo, mwingine ashike mshipi, kisha wabadilishane.

Maji yakiwa na tope, kamera haitaona mbali. Kuwasha taa zake kwaweza hata kuharibu picha, kwa kuwa mwanga hupiga chembe zilizomo majini na kurudi, kama taa za gari katika ukungu. Jaribu kwanza bila taa. Tena baridi hudhoofisha betri, kwa hiyo ichajiwe usiku uliotangulia na ifungwe katika kitambaa kizito.

Je, inunuliwe? Bei huanzia dola mia moja na kitu na kupita elfu moja. Kama baba anakwenda ziwani mara mbili kwa mwaka, aazime kwa rafiki kwanza. Kamera haimlazimishi samaki kula. Yako majumba ambamo kitu kama hiki kilinunuliwa kwa fedha za viatu vya watoto, na sasa kimelala juu ya kabati. Mzungumze wawili ninyi kabla ya kwenda dukani, wala si baada ya kurudi.

Kwanza barafu

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kamera huvuta macho yote chini, kwa samaki, na watu wakisahau kuangalia kile wanachokikanyaga. Baba anafikiria betri, watoto wanafikiria kioo, na hakuna aliyepima barafu. Mama, wewe ndiwe wa kuuliza kabla mlango haujafungwa: "Barafu ina unene gani leo, na nani ameipima?"

Idara ya maliasili ya Minnesota hutoa vipimo hivi kwa barafu mpya iliyo safi na ngumu. Chini ya sentimita 10, mtu asikanyage kabisa. Kwa kutembea kwa miguu, angalau sentimita 10. Kwa gari dogo, sentimita 23 hadi 25, na gari kubwa lataka zaidi. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu, kwa hiyo unene unaotakiwa huongezwa mara mbili. Idara hiyo hiyo huonya kwamba hakuna barafu iliyo salama asilimia mia.

Kupima mara moja ufukweni hakutoshi. Baba atangulie akigonga kwa mtaimbo, apime tena na tena, angalau kila mita 45. Mahali penye chemchemi, au ambapo mto huingia au kutoka ziwani, barafu yaweza kuwa nyembamba ingawa pembeni yake ni nene. Nyayo za watu wa jana si ushahidi wa leo.

Kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, na watu wazima wavae shingoni misumari miwili yenye vishikio ya kujivutia juu ya barafu. Kamba iwepo. Mtu akizama, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, maana baridi humfanya ahemeke ovyo. Baada ya hapo ana kama dakika 10 kabla mikono na miguu haijalegea. Ageukie upande aliotokea, kwa kuwa barafu ya huko ilikwisha kumbeba, apige miguu kama anayeogelea, ajivute juu kwa misumari, kisha abiringike. Asisimame upesi. Na watoto wafundishwe hivi: mwenzako akizama usimkimbilie, piga simu 911, mrushie kamba au mnyoshee mti mrefu. Wengi huzama wawili kwa sababu wa pili alikimbia.

Matundu ya kuvulia nayo yawekewe alama, kwa maana mguu wa mtoto huingia humo kwa urahisi.

Ndani ya hema

Wavuvi wengi huketi ndani ya hema au kibanda, wenye jiko la gesi, na kamera huwafanya wakae kwa saa nyingi. Jiko hilo laweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi. Mtoto akisema kichwa kinamuuma, asiambiwe alale. Wote watoke nje mara moja. Matundu ya hewa yabaki wazi, na king'ora cha kutambua hewa hiyo kiwemo; bei yake ni ndogo sana kuliko ya kamera.

Kuona wengi si ruhusa ya kumaliza

Mkiona kundi kubwa kwenye kioo, kumbukeni kwamba kila jimbo lina kiwango chake cha samaki wa kuchukua. Mtoto mkazi wa Minnesota aliye chini ya miaka 16 hahitaji leseni, lakini kiwango kinamhusu. Samaki anayevutwa kutoka kina kirefu, kama mita 9 na zaidi, mfuko wa hewa ulio tumboni mwake hufura, na akirudishwa majini mara nyingi hufa. Kwa hiyo katika kina hicho msivue kwa mchezo wa kukamata na kuachilia. Chukueni wa kuliwa, kisha wekeni mshipi chini na mtazame tu. Kwa mtoto, kutazama kwenyewe ni furaha tosha.

Basi dada, usiwazuie wasiende. Majira ya baridi huko ni marefu, na baba anayeketi na watoto wake kwa nusu siku amewapa kitu kikubwa. Ila bandika mlangoni karatasi yenye mambo matano: barafu imepimwa, majaketi, misumari na kamba, king'ora, saa ya kurudi na jina la ziwa. Kamera iandike ya sita. Tahadhari kabla ya hatari.

Tukutane mwezi ujao.