KIYOYOZI NI CHA MGENI AU CHA NYANYA?

Mhariri,

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukitaka kuamini maneno hayo, tembea madukani Mombasa mwezi wa Machi, joto linapopanda hadi nyuzi 32 na zaidi, na jasho linakutiririka hata ukiwa umekaa kitako. Watu wamejaa mbele ya viyoyozi, au "eisi" kama wengi wetu tunavyoviita, na swali lao ni moja tu: "Kikubwa ni kipi?" Mimi nasema hilo ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni hili: ni nani katika nyumba yetu asiyepata usingizi kwa sababu ya joto?

Sisemi haya hewani. Kwetu Kisauni tumekuwa tukichanga pesa ili tununue kiyoyozi kimoja. Mjomba anataka kile cha 24,000, kifungwe sebuleni. Nyanya naye hulala chumba cha nyuma, chini ya mabati yasiyo na dari, na usiku humsikia akijipepea kwa kipande cha katoni mpaka adhana ya alfajiri.

"Mjomba, usiku nani atalala sebuleni?" nilimwuliza.

"Hakuna, mwanangu. Lakini wageni wakija watatuonaje?"

Mjomba namheshimu sana, ila hapo hatupatani. Ni kweli wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apoe, mwenyeji aungue! Mgeni hukaa saa moja, akanywa chai, akaaga. Nyanya yumo mle chumbani usiku kucha. Isitoshe, mwili wa mzee haujipozi upesi kama wetu sisi vijana, kwa hivyo joto linaweza kumdhuru vibaya. Halafu chumba kidogo chenye mlango hupozwa kwa pesa chache kuliko sebule iliyo wazi hadi jikoni.

Sasa tuje kwenye hizo nambari zinazowababaisha wengi. 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000 ni hesabu ya BTU, yaani kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa chumbani kwa saa moja. Ile ya 12,000 mafundi huiita tani moja. Si uzito wa mashine, la hasha! Jina hilo limebaki tangu enzi za kupoza vitu kwa barafu: ni joto linaloweza kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa siku nzima. Chumba cha futi 10 kwa 12 chenye dari, kisichochomwa na jua la jioni, kwa kawaida 9,000 zinakitosha. Mabati yakiwa matupu, au madirisha yakiwa makubwa, au watu wakiwa wengi, ndipo unapopanda juu. Fundi anayekutajia nambari kabla ya kutoa futi yake mfukoni, huyo mwambie asante, aende zake.

Wapo watakaosema, "Si heri kikubwa tu, kipoze haraka?" Hapo ndipo wengi wanapoumia. Joto la Pwani si joto pekee, ni joto na unyevu. Mashine kubwa ndani ya chumba kidogo hupoza hewa upesi, ikajizima kabla haijaukausha unyevu huo. Mnabaki mmelala kwenye baridi yenye majimaji, shuka zinanata. Na tukumbuke asili ya chombo chenyewe. Mwaka wa 1902, Willis Carrier alipobuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda kimoja cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, shida kubwa ilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi. Kukausha hewa ni kazi ya kiyoyozi tangu kuzaliwa kwake. Kipe chumba kinacholingana nacho, kitaifanya kazi hiyo.

Kisha kuna stima. Bei ya dukani huilipa mara moja, bali tokeni utazinunua kila mwezi. Chukua kiyoyozi cha kawaida cha 12,000. Kompresa yake ikifanya kazi mfululizo hula takriban kilowati moja. Saa 8 kila usiku ni yuniti 8, na kwa siku 30 ni yuniti 240. Tuseme hupumzika mara kwa mara, basi zitapungua, lakini ndiyo hesabu ya kujihadhari nayo. Feni ya darini ya wati 70, kwa saa hizo hizo, haifiki hata yuniti 17 kwa mwezi. Ndiyo maana nasema kiyoyozi na feni visiwe maadui. Weka kiyoyozi kwenye nyuzi 25 au 26, washa feni polepole, na chumba kitakaa sawa. Kukiteremsha hadi 16 ni kuchoma pesa tu.

Basi ukifika dukani tazama kibandiko cha nyota. Tangu kanuni za mwaka wa 2016, viyoyozi vinavyouzwa nchini Kenya vinatakiwa viwe na kibandiko hicho, nyota 1 hadi 5. Nyota zikizidi, stima inapungua. Uliza pia kama ni cha inveta. Kile cha kawaida huwaka kwa nguvu zote kisha kikazima, kikawaka tena. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kinapopoa. Bei yake iko juu kidogo, lakini kwa mtu atakayekiwasha kila usiku, kitamrudishia pesa zake.

Usisahau gesi. Vile vya mitumba mara nyingi vina R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo dunia imekuwa ikiiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987. R410A haiharibu ozoni, lakini ikivuja huchangia sana kuongeza joto duniani. R32 inachangia kama theluthi moja tu ya hiyo. Ila R32 inaweza kushika moto kidogo, kwa hivyo ifungwe na fundi aliyesomea kazi hiyo, si rafiki wa rafiki. Na kipande cha nje kisielekezwe dirishani kwa jirani. Kiyoyozi hakiliui joto, hulihamisha tu. Joto la chumba chako litaingia chumbani kwa nani?

Jihadharini pia na zile mashine za kutia maji zinazouzwa kwa jina la "eisi ya bei rahisi". Kule Lodwar ambako hewa ni kavu, zinasaidia kweli. Mombasa, ambako hewa imeshiba maji, zinatuongezea unyevu juu ya unyevu.

Lakini kabla ya hayo yote, tuiulize nyumba yenyewe. Wazee waliojenga Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa hawakuwa na stima. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, madari marefu, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba huitilia kivuli nyumba ya pili. Sisi tumeezeka mabati, tukakata mwembe, kisha tunalalamika. Chumba cha nyanya kikitiwa dari, paa likipakwa rangi nyeupe, na dirisha la magharibi likiwekwa pazia zito, huenda kiyoyozi kidogo kikatosha kabisa. Pesa za dari zitoke kwenye tofauti ya bei kati ya 24,000 na 9,000.

Najua wapo wanaodai kwamba kiyoyozi ni anasa ya mahoteli na matajiri wa Nyali. Sikubaliani nao. Kumpoza mzee asiyelala si anasa. Anasa ni kukipoza kiti cha sebuleni ambacho hakuna aliyekikalia.

Wanachama wenzangu, tunajifunza hesabu na fizikia, halafu tunaziacha darasani kana kwamba nyumbani hazina kazi. Likizo ikifika, chukueni futi mpime vyumba vyenu. Someni mita ya stima jioni na asubuhi. Kisha ketini na wazazi kwa adabu, muwaonyeshe hesabu kabla pesa hazijatoka. Mimi zangu nimeshamwandikia mama kwenye karatasi, na Mjomba ameiomba aisome. Pesa bado ziko kwa mama.

Mwanachama, Kidato cha Tatu